Tumbo la Mpuliza Besi

Baba mkubwa Anord anapuliza besi. Besi ni lile tarumbeta kubwa kuliko mengine, ambalo ukikaa unalipakata na mgongo wake unaegemea tumbo lako. Usharika wetu uko juu ya Lukozi, una wapuliza tarumbeta kumi na mmoja, na besi ni moja. Ameipuliza miaka ishirini na sita. Kabla yake aliipuliza babu, ambaye mimi simjui ila kwa picha, na hata kwenye picha ameipakata.

Siku za kazi Baba mkubwa ni mkulima wa karoti na kabichi. Haongei sana. Watu wakimwamkia anaitika, anapita. Mimi nakaa kwake tangu nilipoacha shule darasa la sita, mama alipoteremka kwenda kufanya kazi Mazinde. Mimi na Mama mkubwa Modesta tunaosha karoti kijitoni na kuzifunga kwenye magunia kabla gari la sokoni halijafika. Kuosha karoti hakuhitaji mazungumzo. Mikono inafanya kazi, macho yanakaa bure.

Kwa hiyo niliona tumbo la Baba mkubwa kabla halijawa habari ya watu. Asubuhi lilikuwa tumbo la kawaida. Ikifika saa kumi jioni limevimba na kukaza, amefungua kifungo cha suruali, amekaa kwenye kigoda mgongo ukutani kama mtu anayesubiri kuitwa. Siku mbili haendi chooni kabisa. Siku ya tatu anakwenda mara tano kabla ya chai. Majani yote ya kile kinjia cha kwenda chooni yalikufa, tukabaki na udongo.

Zahanati walimtibu taifodi mara tatu. Wakamtibu minyoo. Wakamtibu vidonda vya tumbo, ingawa kipimo kilisema hana, wakasema dawa haziharibiki. Mama mmoja wa Magoma alimchemshia mizizi, akanywa chupa mbili, akalala siku nzima. Alipoamka tumbo lilikuwa pale pale.

Yote hayo angeyavumilia kama si besi. Mtu wa tarumbeta dogo akiwa na tumbo bovu anapuliza tu. Besi inataka pumzi ya chini kabisa, na chini kabisa ndiko kulikokuwa na shida. Tumbo likijaa, pumzi haina pa kukaa. Tena ukisukuma pumzi kwa nguvu, si pumzi peke yake inayosukumwa. Hilo walilijua wote waliosimama karibu yake, ila hakuna aliyelisema, kwa heshima ya umri.

Kiongozi wa tarumbeta ni Mwalimu Yohane. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na bado anaongea na watu wazima kama wamechelewa mstarini. Siku moja tulikuwa na mazishi. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Ubeti wa pili wimbo ukawa mwepesi, kama nyumba iliyotolewa nguzo. Nikageuka. Besi ilikuwa imelazwa kwenye majani. Baba mkubwa sikumwona.

Jioni Mwalimu Yohane akaja nyumbani. Akaamkiwa, akapewa kiti, akakaa.

"Anord, leo umetoka."

"Nimetoka."

"Na kwenye ile harusi ulitoka."

"Pale nilirudi."

"Ulirudi tunakula."

Baba mkubwa akatazama kabichi zake.

"Jubilei imebaki wiki tisa," Mwalimu Yohane akasema. "Miaka tisini ya usharika. Tunaandamana kutoka kwangu mpaka kanisani, mlima mzima, mkuu wa jimbo yuko nyuma yetu. Njiani hakuna choo, Anord. Ukitoka siku ile, besi naihamishia kwa yule kijana wangu wa tromboni. Sisemi kwa ubaya."

"Kijana wako hana mapafu."

"Ana tumbo," Mwalimu Yohane akasema. Akaaga, akaondoka.

Baba mkubwa alikaa pale mpaka ubaridi ukaingia. Sijawahi kumwona anaomba kitu, na siku ile hakuomba pia. Aliingia ndani, akachukua kitambaa, akaanza kuifuta besi, ambayo ilikuwa safi. Mama mkubwa akamtazama kutoka jikoni. Akasema, "Kesho tunateremka Lushoto. Na wakisema taifodi, tunaondoka."

Hawakusema taifodi. Walimpima damu, choo na sukari, wakamwingiza kwa daktari mwanamke, kijana kidogo, anaitwa Dokta Zuhura. Mimi nilikuwepo kwa sababu siku hiyo tulishusha na magunia mawili. Daktari aliuliza mambo ambayo kwetu hayaulizwi mbele ya watu. Choo kina damu? Hakina. Umepungua uzito bila sababu? Hapana. Maumivu yanakuamsha usingizini? Hapana. Kwenye ukoo kuna aliyekuwa na saratani ya utumbo? Hakuna. Ukienda chooni maumivu yanapungua? Baba mkubwa akakiri kwamba yanapungua. Alijibu yote huku anatazama kalenda ya ukutani.

"Vipimo ni safi," daktari akasema. "Utumbo wako hauna kidonda wala mdudu. Ni mwepesi wa kuudhika tu. Kitu ambacho kwa mwingine kinapita kimya, kwako unakikasirikia. Unajaa gesi, unabana, halafu unaachia vyote kwa pamoja."

"Unakasirika," Baba mkubwa akarudia.

"Kwao wote wako hivyo," Mama mkubwa akamwambia daktari.

Daktari akasema ugonjwa huo hauui, lakini hauna sindano moja ya kuumaliza. Dawa yake kubwa ni kujua nini kinauudhi. "Tafuta daftari. Kila unachokula, andika. Pembeni andika tumbo limekuwaje. Rudi baada ya wiki mbili."

Baba mkubwa ana mwandiko mzuri, ndiye anayenakili noti za kikundi. Alichukua daftari jipya, akapiga mistari kwa rula. Kila usiku baada ya kunawa mikono aliandika. Baadaye alinipa nimshikie njiani, nikalisoma. Lilikuwa hivi:

*Jumatatu. Ugali. Tumbo limejaa.*

*Jumanne. Ugali. Tumbo limejaa, choo mara nne.*

*Jumatano. Asubuhi sijala. Mchana sijala. Tumbo limejaa sana. Usiku ugali.*

*Alhamisi. Ugali. Halijambo kidogo, kisha limejaa.*

Wiki mbili zote zilikuwa namna hiyo.

Siku ya kurudi foleni ilikuwa ndefu mpaka nje. Dokta Zuhura akafungua kurasa mbili tatu. "Unakula ugali tu?"

"Ugali."

"Na mboga?"

"Mboga lazima iwepo. Ugali mkavu haushuki."

Daktari akatazama mlango, watu walikuwa wanachungulia. Akatazama tena daftari. Kila penye ugali palikuwa na tumbo limejaa. "Basi tujaribu," akasema. "Acha ugali wiki mbili, tuone."

Nje, Mama mkubwa alitafuta benchi kwanza akakaa. Alikuwa kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

Inabidi nieleze, kwa msomaji wa mbali. Kwetu milimani chakula ni ugali, wa mahindi au wa muhogo. Vingine vipo, vinaingia mdomoni, vinashuka, lakini mtu akimaliza sufuria ya viazi na hajala ugali, ukimuuliza atakwambia hajala. Hadanganyi. Ndivyo alivyo.

Baba mkubwa basi akaanza wiki mbili za kutokula. Asubuhi alikunywa chai ya maziwa na maandazi, kwa kuwa hatakula. Halafu akapita kwa Mzee Omari. Mzee Omari ni jirani yetu, ana mipeasi juu ya njia, na mapeasi yaliyoanguka yakachubuka hayauziki, kwa hiyo huyaweka kwenye beseni na kila apitaye hukaribishwa. Wanaongea bei ya mbolea na mvua huku wanatafuna. Ndivyo walivyofanya tangu kabla sijazaliwa. Ila sasa Mzee Omari alimwonea huruma rafiki yake asiyekula, akawa anamwongezea mawili ya njiani.

Habari ikatembea. Wanawake wa jumuiya wakaja kumpa pole. Mmoja alileta mkate, mwingine matunda ya plamsi, mwingine makande ya mahindi na maharage kwenye hotipoti. Walikaa mkekani, wakamtazama, wakasema kwa Kishambaa kwamba amekwisha. Yeye aliwashukuru huku anakula makande, akawaambia ni siku ya tisa hajala. Wakatikisa vichwa.

Tumbo likawa baya kuliko siku zote. Siku ya mazoezi alifika, akapuliza wimbo mmoja, akaomba ruhusa. Mwalimu Yohane akaandika kitu kwenye karatasi yake na hakumwonyesha mtu.

Mara ya tatu tulipoteremka Lushoto, zilikuwa zimebaki wiki nne na siku chache. Tulikaa kwenye benchi la nje, Baba mkubwa katikati. Dokta Zuhura alikuwa anavuka ua na faili mkononi. Akasimama mbele yetu.

"Mzee Anord. Unakula nini?"

"Sili, daktari. Leo ni siku ya kumi na nne."

"Hicho unachotafuna."

Baba mkubwa akautazama mkono wake. "Hili? Hili ni peasi."

Daktari alituingiza ndani kabla ya zamu yetu, na waliokuwa mbele yetu wakanung'unika. Akafunga mlango. Akamgeukia Mama mkubwa. "Mama, jana alikula nini?"

"Hajala," Mama mkubwa akasema. "Wiki mbili mume wangu hajala."

Daktari akanigeukia mimi. "Na wewe binti, unakaa nao?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Jana aliweka nini mdomoni?"

Swali likiulizwa hivyo ni jepesi. Nikasema: alipoamka, chai ya maziwa vikombe vitatu na maandazi manne. Kwa Mzee Omari mapeasi matatu, na moja akalimaliza njiani. Kijitoni karoti mbichi. Saa nne mkate wa yule mama wa jumuiya, nusu. Mchana makande bakuli kubwa, na kachumbari ya kabichi na vitunguu iliyokuwa imebaki. Alasiri plamsi, sikumwona wakati anazila, ila kokwa zilikuwa kumi na tisa. Usiku maharage yenye vitunguu, bila ugali, kwa sababu ugali umekatazwa.

Baba mkubwa alinitazama kama mara ya kwanza anajua nipo nyumbani kwake.

"Makande siyo chakula?" daktari akauliza.

"Makande ni ya kushikilia," Mama mkubwa akaeleza. "Wakati ugali haujaiva."

Daktari akaweka kalamu chini. "Nami ni mtu wa Muheza," akasema. "Kwetu mtu anamaliza machungwa kumi, unamkaribisha chakula anakwambia yuko na njaa tangu asubuhi. Ilinipasa kuuliza vizuri siku ile ya daftari. Mzee, ugali hauna kosa. Rudi nao."

"Leo?"

"Leo."

Baba mkubwa akavaa kofia yake na kusimama.

"Kaa, sijamaliza."

Akakaa na kofia kichwani. Daktari akasema vile vingine vyote ndivyo vya kuweka pembeni wiki tatu: maharage na makande, vitunguu, kabichi, mapeasi, plamsi, maziwa, na vitu vya ngano kama mkate na maandazi. "Siyo sumu. Mkeo anavila na hana neno. Kwako vinafika chini havijasagika, vinachacha, vinatoa gesi, na utumbo wako hauna subira. Usishinde bila kitu mchana halafu ukajaza tumbo usiku. Kula kidogo kidogo, kwa saa zake. Likitulia, anza kurudisha. Kimoja kwanza, kidogo, siku tatu, uone linasemaje. Halafu kingine. Usirudishe viwili pamoja, hutajua nani kakuudhi. Mwingine tumbo lake linakataa maziwa na kabichi linaikubali, kwa hiyo usiache chochote maisha yote kwa kuambiwa tu."

"Abaki na nini sasa?" Mama mkubwa akauliza.

"Ugali, wali, viazi, karoti, mchicha, mayai, dagaa, samaki, kuku, ndizi, machungwa."

"Hicho ni chakula cha wageni."

"Basi mfanye mgeni wiki tatu."

"Daktari," Baba mkubwa akasema, "mimi nalima kabichi."

"Utaendelea kuziuza."

Tulirudi nyumbani. Mama mkubwa alisonga ugali kabla hajavua viatu vya safari.

Kazi ilikuwa kitunguu. Mama mkubwa alisema mboga bila kitunguu ni maji ya moto, na mchana wa kwanza alithibitisha. Baba mkubwa alikula dagaa wale bila kuongeza tonge, akaenda kulala. Siku ya pili Mama mkubwa akakumbuka daktari alivyosema mlangoni, kwamba yale majani mabichi ya kitunguu hayana shida, shida iko kwenye kichwa chake. Akakata majani shambani, akayakaanga na nyanya na karoti iliyoparuzwa. Baba mkubwa akaongeza tonge. Chai akanywa ya tangawizi bila maziwa. Maandazi tulikula mimi na Mama mkubwa nyuma ya jiko, tusimtie tamaa, ingawa harufu haifichiki.

Daftari nalo likabadilika. Sasa aliandika kila kitu, mpaka maji. *Saa mbili, viazi vitatu, yai moja. Saa tatu na nusu, ndizi. Saa nne, karoti, nilikuwa naijaribu kama imekomaa.*

Kwa Mzee Omari mambo yalikuwa magumu. Siku nne mfululizo Baba mkubwa alipita njia ya chini. Siku ya tano Mzee Omari alimngojea huko huko chini, mikono nyuma. Mimi nilikuwa na gunia kichwani.

"Anord. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Unapita mbali na kwangu. Mtu akiacha kula kwako baada ya miaka yote hiyo ana sababu. Kama umesikia neno, niambie."

"Ni daktari. Amekataa mapeasi."

"Amekataa mapeasi yangu?"

"Ya watu wote."

Mzee Omari akafikiri. "Kwa hiyo siyo mimi."

"Siyo wewe. Ni tumbo."

"Basi pita, ukae tu. Usile."

Asubuhi iliyofuata wakakaa. Beseni lilikuwepo katikati. Hakuna aliyejua mikono iwekwe wapi. Waliongea habari ya mbolea, ikaisha mapema. Siku iliyofuata Mzee Omari alikuwa amechemsha viazi viwili, akavileta kwenye kisahani cha chai, na habari ya mbolea ikarudi kuwa ndefu.

Wiki ya pili kifungo cha suruali kilikuwa kinafungwa mpaka jioni. Wiki ya tatu majani yalianza kuota kando ya kinjia cha chooni. Kwenye mazoezi alipuliza nyimbo zote nne. Mwalimu Yohane alisikiliza huku amegeuza sikio, na mtoto wake wa tromboni akawa anapuliza tromboni.

Baada ya hapo akaanza kurudisha, kama alivyoagizwa. Maziwa kidogo kwenye chai: siku tatu, hakuna neno. Kitunguu: usiku ule ule tumbo lilivimba. Akaandika *kitunguu, hapana*, akasubiri litulie. Ikabaki siku tano kufika jubilei. Mama mkubwa akasema, sasa acha, ngoja ipite. Lakini Baba mkubwa alikuwa na hamu na maharage. Ameyala tangu ana meno. Jumanne akala kibakuli. Jumatano hakufika mazoezini.

Jumatano hiyo hiyo jioni kijana wa Mwalimu Yohane akaja mlangoni, akaamkia vizuri, akasema ametumwa kuichukua besi aizoee, itarudi kesho. Baba mkubwa alikuwa amejikunja kitandani. Alisikia yote. Akasema kutoka ndani, "Mpeni." Kijana akaipakia begani akapanda nayo. Baadaye kidogo tuliisikia kutoka kwa Mwalimu Yohane, sauti inashuka bondeni kama ng'ombe aliyekwama matopeni. Baba mkubwa akajifunika blanketi mpaka kichwani.

Besi ilirudi Alhamisi. Tumbo lilitulia Ijumaa.

Jumapili ya jubilei wapuliza tarumbeta walikusanyika kwa Mwalimu Yohane saa moja asubuhi, mashati meupe, tai za bluu. Kwetu nyumba ambayo maandamano yanaanzia ndiyo inayolisha tarumbeta. Ukikataa chakula pale, maana yake una neno na nyumba ile, na huwezi kwenda mbele za Mungu na neno. Hata kama umeshiba, unaonja.

Mke wa Mwalimu Yohane, Mama Jenoveva, alikuwa ameamka tangu saa tisa. Makande ya maharage mekundu, yameungwa kwa vitunguu na maziwa ya ng'ombe. Kabichi pembeni. Alimpelekea Baba mkubwa sahani ya kwanza yeye mwenyewe, kwa sababu ndiye mkubwa wa kikundi, akasimama amngojee aonje. Wageni wa jimbo walikuwa wamekaa ukumbini, mlango wazi.

Nilikuwa nasaidia kugawa vikombe, nikaona uso wa Baba mkubwa. Alikuwa na ugali wa baridi na mayai ndani ya mfuko wa besi, Mama mkubwa alimfungia, lakini huwezi kufungua ugali wako kwenye nyumba ya mtu. Alikishika kijiko. Kijiko kikafika nusu ya njia. Akakiweka chini.

"Mama Jenoveva," akasema, "tumbo langu haliwezi maharage."

Watu waliacha kutafuna. Mtu mzima wa kwetu husema anaumwa, hasemi wapi.

"Tangu lini?" Mama Jenoveva akauliza.

"Tangu zamani. Na vitunguu. Na kabichi. Nikila haya sitafika kanisani."

"Mbona kila mwaka nakupikia na unamaliza?"

"Nilikuwa namaliza, halafu natoka."

Mama Jenoveva aligeuka akamtazama mumewe. "Ulijua?"

"Nilijua anatoka," Mwalimu Yohane akasema.

"Wewe umejua mwenzako anatoka, ukampigia hesabu ya besi, mimi huniambii kwamba anatoka kwa makande yangu. Ningempikia wali." Akachukua sahani kutoka mikononi mwa Baba mkubwa. Mpuliza tarumbeta mmoja aliyekaa jirani akasema kwa adabu, "Hiyo ilete huku, isiharibike." Akapewa.

Mama Jenoveva akaingia jikoni, akarudi na viazi viwili na mayai mawili ya kuchemsha kwenye sahani ya maua. "Haya ni ya mkuu wa jimbo," akasema. "Alikuwa na manne."

Baba mkubwa alikula pale pale mbele ya watu wote, polepole, kwa chumvi. Mkuu wa jimbo aliangalia kutoka ukumbini na hakulalamika.

Saa mbili maandamano yakaanza. Besi ilikuwa imefungwa kwa mkanda begani. Mimi nilitembea kando, karibu na safu ya nyuma. Mlima ule ukiupanda mikono mitupu unahema. Walipuliza wimbo wa kwanza mpaka penye kisima, wa pili mpaka kona ya duka. Kwenye daraja, katikati ya wimbo wa tatu, besi ikanyamaza.

Mwalimu Yohane alikuwa mbele, anatembea kinyumenyume huku anaongoza kwa mkono. Mkono ukabaki juu. Kijana wake akashusha tromboni. Mama mkubwa, ambaye alikuwa na kwaya ya akina mama, akafumba macho.

Baba mkubwa aliinamisha besi, akabonyeza kile kijibomba cha chini, akamwaga mate yaliyojaa. Akaipandisha tena begani. Akaingia kwenye ubeti wa nne, na mlima wote ukasikia.

Hakutoka. Walipofika uwanja wa kanisa alikuwa amelowa jasho mpaka tai. Mwalimu Yohane akamjia akiwa na karatasi zake za nyimbo.

"Ubeti wa nne uliingia mapema, Anord."

"Pumzi ilikuwepo."

"Nimesikia. Ila uliwahi." Akachambua karatasi, akampa ya ibada na ya Jumapili inayofuata, zote zimeandikwa besi juu. Kijana wa tromboni alikuwa ameshakwenda kukaa kivulini na wenzake, na kwa jinsi nilivyomwona, hakuwa na huzuni.

Ibada ilichukua saa nne na nusu, pamoja na salamu za wageni. Baba mkubwa alitoka mlangoni mara moja tu, ilipokwisha, pamoja na watu wengine wote.